Ndama Ananenepa

Capão Seco, 17 Juni 2001

Dada Ondina,

Shikamoo. Mimi mzima. Mgongo unauma ila nakamua. Baridi imeanza, mikono inakufa ganzi kabla sijafika ng'ombe wa tatu. Mama anaendeleaje? Nimemtumia jibini kwa dereva wa lori la maziwa. Ukipewa nusu ujue nusu nyingine kala yeye.

Barua hii pia nimempa yeye. Nimeishona kwa uzi wa gunia. Ukikuta uzi umekatwa nijulishe. Posta sipeleki, barua za posta zinapita mezani kwa mke wa bosi.

Sasa jambo lenyewe. Rolinha. Yule ng'ombe ambaye mama yake aliumwa na nyoka, Zulmira akamlea kwa chupa jikoni kwetu. Siku hizi anatoa lita ishirini na tano, na bosi Aristeu anataka watoto wake wengi kwa haraka. Basi yule daktari wenu wa maabara, Leandro, ameleta homoni. Rolinha anachomwa ili atoe mayai mengi kwa mpigo, badala ya moja. Anapandikizwa mbegu ya dume. Siku ya saba wanamwosha kizazi, wanatoa mimba changa, wanawawekea ng'ombe wa hivihivi wambebee. Haya unayajua kuliko mimi, vyombo vyao unaosha wewe.

Sindano nachoma mimi. Nane. Siku nne, alfajiri na jioni, na kila siku kipimo kinapungua. Sikukosa hata moja.

Tarehe tisa wakamwosha. Maji yakaja huko kwenu kwenye sanduku. Jibu likarudi: mawili, na yote mabovu. Ng'ombe wa shamba la jirani, limekonda kama mti wa uzio, lilitoa kumi na moja.

Bosi akaniita.

"Valdivino, ile dawa unajua bei yake?"

"Sijui."

"Wapo wanaojua. Wapo wanaoinunua nusu bei nyuma ya baa."

"Mimi pombe niliacha."

"Sikukuuliza pombe."

Mimi nasema hivi. Daktari anatoa kumi, anaandika mawili. Nane anauza. Nani atamkamata, vitu vyenyewe havionekani kwa macho? Wewe uko palepale. Chungulia. Hesabu. Niandikie.

Ndugu yako,
Valdivino


Uberaba, 29 Juni 2001

Mdogo wangu Valdivino,

Marahaba. Uzi haukukatwa, kilichokatwa ni kidole changu nikiufumua. Safari ijayo tumia gundi kama watu.

Mama anakula, analala, anauliza Zulmira yuko wapi. Kila asubuhi. Namwambia yuko kanisani, maana nikisema mkeo amekufa analia kana kwamba ni leo, na kesho tunaanza upya. Jibini lilifika zima. Hapa kwa huu mgao wa umeme tumezima friji, tunaoga maji ya baridi. Sikukuu ya Mtakatifu Yohana tuliwasha moto uani, tukapika uji wa mahindi meupe, tukaona nyuso zetu kwa moto.

Haya, ulichoniagiza. Kuhesabu siwezi. Mimi nafagia na kuosha vioo, hadubini siruhusiwi hata kuifuta vumbi. Ila siku ile nilikuwepo. Daktari Leandro aliinama pale saa tatu nzima. Akamwita mwenzake, "Njoo uangalie na wewe, labda mimi sioni." Mwenzake akaangalia. Mawili. Valdivino, mwizi haiti jicho la pili.

Halafu daktari akaniuliza jambo kuhusu wewe. Sikumjibu. Na wewe sitakuambia aliuliza nini.

Nami nina swali langu. Daktari anasema ng'ombe wa mayai hatakiwi kunyonyesha, na amri ya kumtoa ndama alikupa tangu mwezi wa nne. Wewe umeniandikia ukurasa mzima, umemtaja bosi, nyoka, hadi dereva. Ndama hujamtaja. Mlimtoa lini?

Dada yako,
Ondina


Capão Seco, 8 Julai 2001

Dada Ondina,

Shikamoo. Kidole kitapona. Gundi sina. Mama mwambie Zulmira anamsalimia, haitamdhuru.

Daktari anauliza habari zangu kwako kwa nini? Mtu anayeuliza pembeni ana lake. Sema aliuliza nini.

Nimegundua kitu. Bosi kapangiwa kiasi cha umeme, akizidisha wanamkatia. Kwa hiyo friji ya bandani inazimwa kuanzia saa sita mchana mpaka jioni. Nimeingiza mkono, vuguvugu. Na dawa ikishachanganywa na maji yake inatakiwa baridi. Nikamwambia bosi. Kasema, "Sasa umekuwa fundi friji?" Basi safari hii nimeamua. Chupa nitaifunga kwa kitambaa kibichi na kuiweka ubavuni mwa tangi la kupozea maziwa. Hilo halizimwi. Sindano zinaanza tena tarehe ishirini na mbili. Tuone kama watapata cha kusema.

Ng'ombe hawa si kama yale madoadoa meupe na meusi ya huko kusini yanayomkojolea maziwa yeyote anayeshika chuchu. Hawa bila ndama kufungwa mguuni hawashushi. Kwanza ndama anaonja, maziwa yanakuja, unamfunga kwenye mguu wa mbele mama amlambe, ndipo unakamua. Baba alikamua hivyo miaka arobaini. Daktari kaleta sindano nyingine, eti ukimchoma maziwa yanashuka bila ndama. Sindano ya mayai, sindano ya joto la kutaka dume, sindano ya maziwa. Bado ya kupumua.

Amri niliisikia. Ndama mzima. Ananenepa.

Valdivino


Capão Seco, 12 Agosti 2001

Dada,

Shikamoo. Sina habari njema na sijui hata kama unasoma. Barua ya mwezi wa saba hukujibu. Nimemuuliza dereva, anaapa kwa macho ya mama yake kuwa alikupa mkononi. Kama Mama anaumwa sema. Kama umenikasirikia sema.

Tarehe tatu wamemwosha Rolinha. Sifuri. Hata bovu hakuna. Na dawa ilikuwa baridi, naapa, nilikuwa naishika kama kifaranga.

Siku ile daktari aliingiza mkono kwa nyuma, akapapasa muda mrefu. Akatoa damu kwenye mshipa wa mkia, vichupa viwili, akaviweka mfukoni mwa shati. Nikamuuliza ya nini. "Ya kuangalia." Kuangalia nini? "Kuangalia." Yule mtu nikimtazama usoni anatazama kwato.

Bosi alikuja na kofia mkononi. Akivua kofia ujue ni mbaya.

"Mara moja nyingine, Valdivino. Mwezi wa kumi na moja. Akitoa sifuri, anapanda lori la machinjioni."

"Anatoa lita ishirini na tano."

"Ninao wa lita ishirini na tano. Huyu nilimgharamia mayai. Na nikijua dawa ilikwenda wapi, na wewe utapanda lori hilohilo. Wewe utashukia stendi."

Rolinha machinjioni. Alikunywa chupa miguuni kwa Zulmira, akila pindo la gauni lake. Zulmira angekuwepo, bosi asingethubutu kusema lile neno mbele yake.

Damu ile iko kwenu. Inasema nini? Na wewe mbona kimya? Umeniuza?

Valdivino


Uberaba, 26 Agosti 2001

Valdivino,

Mama mzima. Anauliza Zulmira. Mimi mzima. Hatuna mgonjwa.

Barua zako zote nilizipata. Sikujibu kwa sababu sikujua niandike nini bila kukudanganya, na kukudanganya nimeshindwa tangu nikubebe kwenye ubatizo.

Daktari aliniuliza hivi, ule mwezi wa sita: "Mama Ondina, ndugu yako amewahi kuchukua dawa ya shamba?" Nilikuambia sikumjibu. Unajua kwa nini sikumjibu. Mwezi wa kwanza, Zulmira alipobanwa na kifua na barabara imekatika kwa mvua, ulichukua penisilini ya ng'ombe kwenye friji ile ya bandani ukamchoma. Uliniambia mwenyewe siku tunamzika, umeshika ukuta. Sijamwambia mtu. Lakini daktari aliponiuliza, nikawaza: aliyechukua mara moja. Na baa iko palepale. Na nyumba ni tupu. Wiki sita niliamini kwamba unaiuza, Valdivino. Ndiyo hiyo. Sikukuuza, nilikushuku. Pima mwenyewe lipi baya.

Sasa damu. Daktari alinikalisha kwenye kiti akanieleza taratibu, na mimi nakueleza nilivyoelewa.

Siku ile alipopapasa, vifuko vya mayai vya Rolinha vilikuwa vimevimba kama vichala vya zabibu. Ng'ombe asiyechomwa dawa havimbi hivyo. Kwa hiyo dawa iliingia. Yote. Na haikuharibika kwenye friji. Kuhusu wizi, umetoka.

Lakini yale malengelenge yenye mayai hayakupasuka. Mayai yalijaa humohumo yakabaki. Ili yapasuke, kichwa cha ng'ombe lazima kitume homoni nyingine kwa nguvu, kwa siku moja, kama mlango unaosukumwa. Kwa Rolinha haikutumwa. Na yakishapasuka, pale yalipotoka panatoa homoni ya kutunza mimba. Hiyo ndiyo waliyoitafuta kwenye damu. Ilikuwa chini kabisa, kama ya mtamba ambaye hajawahi kupata joto.

Nikamuuliza, inazuiwa na nini? Akasema, kwa ng'ombe wa aina hii, aliyezaa karibuni, kuna jambo moja linalozuia kuliko yote. Ndama anyonyaye. Si maziwa kutoka. Ukikamua kwa mkono haizuii hivyo. Ni ndama wake mwenyewe, kumnusa, kumlamba, kumnyonyesha. Kichwa kinaambiwa bado una mtoto, usitafute mwingine.

"Ndama alitolewa mwezi wa nne," daktari akasema. "Nimeambiwa."

Nikatazama sakafu, naye akaelewa. Maana nilikuwa na barua yako ya Julai. Ndama ananenepa. Valdivino, kwa nyasi za kiangazi, ndama wa miezi minne asiye na mama ananenepa kwa nini?

Bosi hajaambiwa chochote. Daktari anasema atangoja hadi mwisho wa Septemba useme mwenyewe. Baada ya hapo atasema yeye.

Ondina


Capão Seco, 2 Septemba 2001

Ondina,

Mama msalimie.

Ulidhani nauza dawa. Wewe uliyenifundisha kufunga viatu.

Na lile la mwezi wa kwanza umeliandika kwenye karatasi ukampa dereva. Barua nimeichoma.

Mambo ya ndama hayakuhusu. Osha vioo vyako.

V.


Capão Seco, 16 Septemba 2001

Dada Ondina,

Shikamoo. Barua iliyopita isahau. Mvua ya kwanza imenyesha, kidogo, vumbi limelala. Nimepanda bamia za Zulmira palepale. Mama ukimwambia yuko kanisani, mwambie anarudi mchana. Ni vizuri mtu awe anarudi.

Ni mimi.

Mwezi wa nne nilimtoa ndama kama nilivyoagizwa. Nilimpeleka banda la juu. Rolinha akalia. Ng'ombe wote hulia, nimetenganisha mia, mia mbili, sikuwahi kugeuka. Huyu alilia siku tatu. Alisimama kwenye uzio ulioelekea dirisha la jikoni, mahali alipokuwa anapewa chupa akiwa mdogo. Sauti ilikatika, akawa anatoa pumzi tu. Mimi niko ndani na sufuria moja na kikombe kimoja.

Siku ya nne, bosi yuko mjini, nikamrudisha ndama. Nikasema anyonye leo tu.

Tangu hapo, kila mchana wakienda kula, nilikuwa namtoa banda la juu, ananyonya, analambwa, namrudisha kabla ya saa nane. Wote waliona ndama ametengwa. Mimi ndiye mwenye ufunguo. Nilidhani nawaibia maziwa lita mbili, basi. Nani angejua ndama akinusa mama, mayai yanakwama? Baba alikamua miaka arobaini, na ng'ombe wake walishika mimba na ndama pembeni.

Juzi nilimuuliza daktari hilo. Nilimngoja kwenye gari lake. Nikamwambia, "Ng'ombe wa baba walishika."

Akasema, "Walishika baada ya miezi mingapi?"

Nikahesabu. Mwaka. Wengine mwaka na nusu.

"Wangeshika tu, Valdivino. Polepole. Wewe ulikuwa unanisukumia mayai ishirini kwa sindano na kunifungia mlango kwa ndama."

Safari hii hakutazama kwato. Alinitazama mimi. Naye, kumbe, alikuwa hanitazami kwa sababu alikuwa ananionea aibu kwa kunishuku.

Nilimshuku yeye. Nikashuku friji. Nikamshuku dereva, na kila barua nilikagua uzi. Kumbe Rolinha anapelekwa machinjioni na mimi, mkono huu.

Ndama nimemtoa jana. Kabisa. Yuko shamba la mpakani, ng'ambo ya kijito, sauti haifiki. Rolinha amelia jana kutwa. Mimi nimelala bandani.

Bosi bado sijamwambia. Nikimwambia ananifukuza, na Rolinha anabaki na nani. Nisipomwambia anaambiwa. Wewe ungefanyaje?

Valdivino


Uberaba, 23 Septemba 2001

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama leo kala bamia mbili, nimemwambia zimetoka kwa Zulmira. Kasema zina chumvi nyingi, ni kawaida yake. Tumecheka wote wawili, yeye hajui kwa nini mimi nacheka.

Barua ya pili ya Septemba nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nimeisahau kama ulivyosema, isipokuwa pale pa viatu.

Unauliza ningefanyaje. Ningevaa shati safi na kwenda leo. Bosi akiambiwa na daktari, wewe ni mtu aliyeficha akafichuliwa. Ukimwambia wewe, ni mtu aliyesema. Kazi na nyumba vinaweza kwenda vyovyote, hilo sikudanganyi. Lakini usiende na nusu. Na lile la mwezi wa kwanza mwambie pia. Lilinifanya mimi, dada yako, nikushuku wiki sita. Yeye atakuwa amelishuku muda gani?

Daktari anasema ndama akiwa mbali, homoni huanza kurudi ndani ya wiki chache. Mwache apate joto mara moja, apate mara ya pili, bila sindano. Andika tarehe. Zikipishana siku ishirini hivi, kichwa chake kimeamka. Mwongezee pumba, amekonda kwa kunyonyesha, na mwenye njaa mwili haujali mayai. Watapima damu tena kabla ya kuanza.

Usikae jikoni na kikombe kimoja. Nunua cha pili, hata kama hakuna wa kukinywea.

Ondina


Capão Seco, 21 Oktoba 2001

Dada Ondina,

Shikamoo. Kikombe nimenunua. Kina ua jekundu, kibaya sana.

Nilikwenda Jumatatu ileile barua yako ilipofika. Shati safi. Bosi alikuwa anakula, mke wake kaketi naye. Nikasimama mlangoni nikasema yote ya ndama. Akaweka uma.

"Miezi mitano."

"Ndiyo."

"Kila mchana."

"Ndiyo."

"Na mimi natafuta mwizi wa dawa kwenye baa zote mpaka mji wa Sacramento, watu wananicheka."

"Ndiyo."

Nikasema na la penisilini. Nikasema ilikuwa ya Zulmira, na haikusaidia. Mke wa bosi akainuka akaenda jikoni. Bosi akasema, "Hilo nilijua wiki ileile. Chupa zile nilizipanga mimi. Ndiyo maana homoni iliposhindwa nilikuangalia wewe. Kama ungekuja usiku ule, Valdivino, ningewasha trekta tukampeleka hospitali kupitia matopeni."

Hilo nimelala nalo siku nyingi. Sikwenda kwake kwa sababu nilidhani atakataa. Nilimshuku na yule.

Sijafukuzwa. Ila nimetolewa kwa ng'ombe wa mayai. Ufunguo kauchukua. Rolinha anakamuliwa na mtu mwingine, kijogoo fulani wa Araxá anayepiga mluzi akikamua. Mimi nimepelekwa malisho ya chini kwa ng'ombe wabebaji. Machotara, pembe kila upande, hawana jina. Kazi yangu ni kutazama nani kapanda nani na kuandika tarehe ya joto, ili siku ya Rolinha wawe wanalingana naye. Bosi kasema, "Wewe hodari wa kutazama, tazama hao."

Rolinha alipata joto tarehe ishirini na nane Septemba. Niliona kutoka mbali, nilipanda juu ya mlango wa uzio. Na juzi tena. Siku ishirini na moja. Nimeandika na huyo, ingawa sikuagizwa.

Yule kijogoo simwamini na sindano. Mwambie daktari amhesabie.

Valdivino


Uberaba, 18 Novemba 2001

Valdivino,

Marahaba ya mapema, sina subira.

Mama mzima. Haya.

Damu ya mwanzo wa mwezi ilikuwa nzuri, homoni ya mimba iko juu inavyotakiwa, ndipo daktari akakubali kuanza. Kijogoo wako wa Araxá hakukosa sindano, daktari alimpigia simu alfajiri na jioni siku zote nne, kijana sasa anamkimbia.

Jana sanduku lilifika saa nne. Nilikuwa nafagia palepale, nikafagia mahali pamoja saa nzima. Daktari akainama. Akasema "Moja." Nikaacha kufagia. Akasema "Mbili, tatu." Kisha akahesabu kimoyomoyo, nikaanza sala. Akasema, "Mama Ondina, vua glavu hizo, uje ukae hapa."

Nimekaa kwenye kiti chake, Valdivino. Nimeangalia. Ni kama tembe za mkate wa jibini zikiwa tanurini bado, mviringo, na ndani zimejaa punjepunje. Kumi na mbili. Tatu hazifai, zimetoboka. Nzuri tisa. Nimehesabu mwenyewe kwa macho yangu kama ulivyoniagiza mwezi wa sita.

Zimerudi huko jioni ileile. Bila shaka umeona gari.

Daktari aliandika kitabuni. Nilisimama nyuma yake mpaka akamaliza kuandika. Tisa.

Ondina


Capão Seco, 27 Januari 2002

Dada Ondina,

Shikamoo. Mvua haziishi, malisho ya chini yamekuwa matope na buti langu moja limebaki humo. Bamia zimezidi, dereva anakuletea gunia. Juzi ulitimia mwaka tangu Zulmira. Nilikwenda kaburini na kahawa kwenye kile kikombe chenye ua. Nilikunywa mwenyewe, lakini nilikibeba.

Hiyo tisa yako sikuiamini. Nilimuuliza daktari, kasema tisa. Nikamuuliza bosi, kasema tisa. Nikaomba kitabu, nikasoma. Tisa. Basi.

Nilishika mikia yote tisa siku wanawawekea. Juzi daktari kaja kupima. Matano yameshika, manne yametoka. Kasema matano ni mazuri kwa tisa, na safari hii sikumwuliza mara mbili.

Lori la machinjioni lilikuja Desemba. Lilichukua wengine. Rolinha yuko juu, naona mgongo wake asubuhi. Wakati mwingine anasimama kwenye uzio wa dirisha la jikoni. Yule kijana wa Araxá anasema anasimama tu, halii. Nimemfundisha asipige mluzi, awe anasema naye kidogo kabla ya kukamua. Ndama yuko ng'ambo, ana nundu sasa, alinipita kama hanijui. Vizuri.

Nilimuuliza bosi, watoto wa Rolinha wakizaliwa mwezi wa nane kwa hawa machotara wangu, wanatolewa lini?

"Hawatolewi," akasema. "Mbebaji haoshwi wala hakamuliwi. Kazi yake ni kunyonyesha. Wataachwa nao mpaka wakinai."

"Mchana na usiku?"

"Mchana na usiku, Valdivino. Mbele ya watu wote. Hakuna ufunguo."

Nimewapa majina wale watano. Mmoja ni Ondina, ana pembe mbaya na anapiga teke. Barua hii sikuishona.

Ndugu yako,
Valdivino